Turbo, Bila Turbo, na Mama Mkwe

Wanaume wa umri wangu hapa Bujumbura wana magonjwa mawili: shinikizo la damu, na gari waliloliona wakiwa wanafunzi. La kwanza lina vidonge. Gari langu mimi lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, pua ndefu iliyolala chini, na taa za mbele zinazofumbua macho zikiwashwa na kuyafumba zikizimwa. Nililiona mara ya kwanza likiteremka kutoka Kiriri, mtaa wa matajiri huko kilimani, nami nimesimama kando ya barabara na fotokopi za falsafa kwapani. Tangu siku ile falsafa haikunikaa vizuri.

Kwa hiyo niliposikia kwamba daktari mmoja mstaafu wa Kiriri, bingwa wa mapafu, anahamia Ulaya kwa binti yake na ana magari mawili ya aina ileile, nilipoteza hamu ya chakula. Mke wangu alidhani ni malaria.

Moja lilikuwa na turbo, jingine halina. Mpwa wake angechukua moja, mimi nichukue moja, bei ileile, na mimi ndiye wa kuchagua kwanza. Daktari alikuwa ameyaegesha uani bega kwa bega, jeupe na jekundu, akanieleza tofauti yao kwa lugha ya kazi yake. Jeupe, alisema, linapumua lenyewe, kama wewe na mimi. Jekundu lina kifeni kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, na kifeni hicho kinalisukumia hewa kifuani.

"Ni mgonjwa aliyewekewa mashine," alisema, "ila mashine imempa afya bora kuliko ya daktari."

Halafu akanipa onyo. Ukikanyaga mafuta, lenye turbo halijibu papo hapo. Linafikiri kwanza. Likimaliza kufikiri, shika usukani.

Sikuhitaji kushawishiwa. Katika baa yetu ya Bwiza, ninapokaa na walimu wenzangu, mimi ndiye wakili wa turbo. Niliitetea miaka yote kama wengine wanavyotetea timu ya mpira, na sikuwahi kuiendesha hata mara moja. Mwenzangu wa idara ya historia alisema kwamba mtu anayefundisha kwa mwendo wangu hana haki ya kudai turbo. Wote walicheka, na mimi pia, kwa kuchelewa kidogo.

Kilichobaki ni mke wangu. Gari letu la zamani lilikuwa limekufa bila matumaini ya kufufuka, na mama yake, anayekaa huko juu milimani, alikuwa na goti lililotakiwa kuletwa hospitali mjini kila wiki kufanyishwa mazoezi, kisha kurudishwa kwake. Uwezo wetu ulikuwa wa gari moja. Mke wangu hakupandisha sauti.

"Sikukatazi," alisema. "Lakini anayepanda kila wiki ni mama. Atakalokubali yeye ndilo tutanunua. Akikataa yote mawili, tunanunua la milango mitano, na hilo lako lenye taa za kusinzia utaliangalia kwenye simu."

Hapo lazima nieleze mambo ya ukwe. Katika familia nyingi za mjini yamelegea. Kwa mama mkwe wangu hayajalegea hata uzi mmoja. Tangu nimwoe binti yake alinisalimu kwa umbali wa heshima, hakula mbele yangu, na alipokuwa na neno nami alilipitisha kwa binti yake, hata tukiwa watatu tu sebuleni.

"Muulize mume wako kama chai imemutosha."

"Mama anauliza kama chai imekutosha."

"Mwambie imenitosha, nashukuru sana."

Kwa njia hiyo hatukuwahi kugombana. Wakwe wengi wangekuwa na amani wakipata mkalimani.

Shida ni kwamba kiti cha nyuma cha gari kama lile kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto mwembamba au begi. Mama mkwe ana goti bovu na mwili wa mtu anayeheshimika. Asingeingia huko hata kwa msaada wa wazima moto. Jumamosi asubuhi, uani kwa daktari, tulijadiliana kwa njia ya mkalimani, na mwishowe mke wangu akajikunja nyuma, magoti kidevuni, mama mkwe akakaa mbele, bega lake karibu na langu. Akasimamisha mwavuli katikati yetu, kama mpaka wa nchi mbili zilizokwisha kupigana.

Tena usukani ulikuwa kulia, kama ulivyo katika magari mengi yanayotufikia kutoka Japani, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake dereva anakaa kando ya mtaro, na abiria anakaa katikati ya barabara, uso kwa uso na kila kinachokuja.

Tulianza na jeupe. Tulichukua ile barabara inayopanda kuelekea Bugarama, ambako watu wa baiskeli, wakishauza ndizi na makaa mjini, hushika malori kwa nyuma ili yawavute kurudi nyumbani. Gari lilipanda kwa utulivu. Lilipanda kwa utulivu mno. Mbele yetu kulikuwa na lori, na nyuma ya lori mwanamume mwenye ndevu za mvi juu ya baiskeli yake. Alitugeukia, akatupima kwa macho, akaliachia lori na kulishika bawa la nyuma la gari la ndoto zangu.

Tulipofika pale juu malori yanapopumzika, alikuja dirishani, upande wa kushoto, ambako mtu mwenye akili hutarajia kumkuta dereva. Alieleza kwamba lori na sisi tulikuwa na mwendo uleule, ila sisi hatukuwa na moshi.

"Asanti sana, mama," alimwambia mama mkwe. "We unaendesha muzuri. Apana kama hawa wanaume."

Mama mkwe aliinamisha kichwa kidogo, akamwombea safari njema. Hakumsahihisha. Huko nyuma, magoti ya mke wangu yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Tulipokuwa tukiteremka, mama mkwe alituma ujumbe: "Mwambie mume wako hii gari iko na adabu."

Basi jeupe lilikuwa limekubalika. Nilibadilisha gari nikiwa na moyo wa mtu aliyeshinda uchaguzi kwa kura za chama pinzani.

Jekundu lilinguruma kwa sauti ya chini tu, kama mtu anayesafisha koo. Barabara ileile, mwavuli uleule. Baada ya kona ya tatu tukalikuta lori la saruji, likienda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Nilitaka kulipita, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo katika miaka yangu yote ya uwakili sikulifikiria. Kutoka kwenye kiti changu, kando ya mtaro, sikuona kitu zaidi ya mgongo wa lori. Mke wangu aliona magoti yake. Mtu pekee aliyeiona barabara ni mama mkwe.

Alitazama mbele, akatafakari.

"Mwambie mume wako njia iko wazi."

"Mama anasema njia iko wazi."

Wakati huo haikuwa wazi tena. Basi dogo lilipita kwa kishindo karibu na sikio lake. Tukasubiri.

"Mwambie sasa anaweza."

"Mama anasema sasa un..."

Likapita lori la bia.

Tulikula vumbi la saruji kwa kona nyingine mbili. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nikitafuta maneno ya kumwambia mwenzangu wa historia, pale sauti ilipotoka upande wangu wa kushoto, bila mkalimani, bila hata kunitazama.

"Mukwe. Pita."

Nilikanyaga. Gari likafikiri. Tulikuwa tumeshatoka kando ya lori, nusu ya mwili wetu kwenye njia ya wengine, nalo bado linafikiri, na mimi nikakumbuka watoto wangu kwa majina. Kisha likamaliza kufikiri. Kuna mtu alitusukuma mgongoni kwa mikono miwili. Mwavuli ukaruka ukaanguka miguuni. Mama mkwe akanishika mkono juu ya kiwiko, akaukamata kwa vidole vyote, na hakuuachia mpaka pale juu.

Nilizima injini, kisha nikakumbuka kwamba daktari alisema lenye turbo huachwa lingurume kidogo kabla ya kuzimwa, nikaliwasha tena, nikakaa nikiona aibu kwa niaba yangu na yake. Mama mkwe aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani.

Tuliporudi Kiriri daktari aliuliza tumeamua nini. Nikawahi kujibu. Nilitetea jeupe kwa hoja tatu, kwa mpangilio wa chuo kikuu: mafuta siku hizi yanatafutwa kama dawa, goti la mama linahitaji utulivu, na gari lenye adabu ni gari la familia. Sikutaja kwamba nilikuwa nimekumbuka watoto wangu kwa majina.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si binti yake.

"Mukwe, we unaogopa?"

Nikasema kidogo.

"Ile nyeupe inaweza kutembea bila miye," alisema. "Hii hapa, bila miye, utakufa. Tukamate hii."

Mke wangu, ambaye alikuwa bado anajinyoosha kiungo kwa kiungo, alimuuliza kwa sauti ya chini kuhusu ule mkono. Mama mkwe alikuwa ameshalifikiria jibu.

"Miye sikumushika. Ni gari ilimushika."

Daktari akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa wowote, akaenda kuleta karatasi za jekundu. Mama mkwe akafungua mlango, akaketi mbele, akaurusha mwavuli kwenye kiti cha nyuma. Nilimwomba kwa heshima zote afunge mkanda. Akaniambia nianze na wangu, maana yeye alitaka kufika nyumbani.