Mama Aliposimama Mkutanoni

Ninafundisha mipango miji katika chuo kimoja hapa Mwanza, na nimechoka. Kazi yenyewe hainichoshi, kinachonichosha ni maneno. Kila mwaka nasimama mbele ya vijana nawaeleza nadharia zile zile: kwamba mji ni haki ya kila anayeishi ndani yake, si ya mwenye fedha peke yake, kwamba mitaji ya dunia inazunguka ikitafuta pa kutua, na ikitua kwenye mji kama wetu lazima kuna mtu ataambiwa apishe, kwamba dawa ya yote hayo ni ushirikishwaji. Wananchi waitwe, waulizwe, wasikilizwe. Vijana wanaandika, nami natamani kengele ilie.

Mama yangu alishirikishwa. Tena alishirikishwa vizuri, kwa turubai, viti vya plastiki na maji ya chupa.

Nyumba yetu ilikuwa mlimani, kwenye mawe, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona mabati ya mtaa wa Mirongo na ziwa nyuma yake. Baba alikuja Mwanza kikazi kutoka Kagera kabla sijazaliwa, akajenga kati ya mawe mawili, moja likawa ukuta wa jiko. Mama akapandisha udongo kwa ndoo kichwani mpaka akapata pa kupanda migomba. Majirani walimcheka, wakasema Mhaya hata umweke juu ya jiwe atatafuta pa kuchomeka mgomba. Baadaye walikuwa wanakuja kuomba majani ya kufunikia chakula, na Mama anawapa huku akiwakumbusha kicheko chao.

Sasa, sisi Wahaya tuna ugonjwa mmoja, na ninausema kwa sababu ninao pia. Mtu amekaa Mwanza mpaka mvi, watoto kazaa hapa, meno yamemtoka hapa, lakini muulize kwao wapi: atakutajia kijiji huko Kagera. Hapa yupo kikazi tu. Kwao ni kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, walikozikwa babu zake na atakakozikwa yeye. Baba alipofariki tulimpeleka huko, na Mama akaonyeshwa nafasi yake pembeni ya kaburi. Mimi ndiye mtoto pekee, tena wa kike, kwa hiyo kibanja kiko mikononi mwa baba mdogo. Mama hakuwa na dai lingine kule zaidi ya ile nafasi, na heshima ya kutowahi kutamka mbele za watu kwamba ana kwao kwingine.

Ndipo mradi ukaja. Mlima upangwe upya, ipite barabara, zijengwe ngazi, na sehemu yetu iwe hoteli inayotazama ziwa. Fedha zilitoka nje, wataalamu walitoka nje, na maneno yao nilikuwa nayajua yote maana ndiyo ninayofundisha. Wakazi wa kudumu wangepewa viwanja hapo chini, karibu na walikokuwa. Wapitaji wangepewa kifuta jasho, kisha wajitafutie pa kwenda. Na kwa kuwa watu wa mlimani wengi hatuna hati, ikaamuliwa jambo lifanyike kwa uwazi: kila mwenye nyumba asimame kwenye mkutano wa mtaa, aseme kwa kinywa chake kwamba hapa ndipo kwake na hana kwingine, na majirani wamthibitishe. Mwanafunzi angeniletea mpango wa namna hiyo ningempa alama za juu.

Wiki nzima nilimsihi Mama. Yeye anamenya ndizi, mimi nimekaa kwenye kigoda namwambia ni sentensi moja tu, aiseme, akae, basi. Aliniuliza, Baba yako je, nimwambie nini? Nikamjibu kwamba Baba ameshakufa. Akasema ndiyo maana anauliza. Akanikumbusha kwamba mlima ule umejaa watu wa kijijini kwetu, na neno lake lingefika kwa baba mdogo kabla hajamaliza kukunja kanga. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia anauza nyumba nzima kwa shimo moja la udongo. Aliendelea kumenya.

Siku ya mkutano ilipofika zamu yake, afisa wa mradi, kijana mwenye adabu zake, alianza na shikamoo. Mama akaitikia marahaba. Kijana akamuuliza kwake ni wapi. Mama alisimama, akafunga kanga upya, akaangalia mbele.

"Kwetu ni Kagera," alisema. "Hapa tulikuja kikazi."

Jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyechangia moto na Mama tangu mimi nanyonya, aliinuka bila kuitwa. Akamwambia yule afisa, "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe tulishampa, na amelima mpaka limeisha makali."

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akamgeukia Mama, akamuuliza kwa upole kama ana la kuongeza. Mama akatikisa kichwa. Yule kijana hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu sina wa kumlaumu. Tuliulizwa, tukajibu, jibu likaandikwa kama lilivyo.

Mama akapewa kifuta jasho cha wapitaji, akahamia kwangu, nyumba ya kupanga, ghorofani. Yule jirani alichimbua machipukizi ya migomba akaenda kuyapanda kwenye kiwanja chake kipya. Kwangu hakukuwa na hata kopo moja la udongo. Mama alikaa sebuleni akitazama vigae, na wageni wakija anawaambia karibuni hapa kwa mwanangu. Siku moja akasema nimpeleke kwao akapumzike.

Tukaenda. Zamani pale Kigongo tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka ugali unalala kwenye vyombo. Siku hizi ni daraja, unapita kama huna habari na ziwa. Baba mdogo alitupokea vizuri, akachinja kuku, akawaita watu waje wamsalimie mgeni wetu wa Mwanza. Ndivyo alivyosema, na Mama akatabasamu. Jioni akaomba kwenda kaburini.

Lami imefika huko pia. Pembeni ya Baba, kwenye ile nafasi, palikuwa na vyumba vya kupangisha, vipya, bado vina harufu ya simenti. Baba mdogo alieleza bila kuona haya kwamba barabara imepandisha thamani ya ardhi, kwamba nafasi nyingine haikosekani kule bondeni, na kwamba hata hivyo shemeji yake ana watu wake Mwanza, watamzika vizuri tu. Mama alipiga magoti. Alinyofoa majani juu ya kaburi, moja moja, mpaka giza likaingia.

Siku ya tatu hatukupewa jembe. Tuliulizwa tunaondoka saa ngapi.

Njia nzima mimi naendesha, Mama ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa na kipindi kesho yake, tena kile cha haki ya mji. Tukapanda daraja, tukashuka upande wa pili, na baadaye mawe ya Mwanza yakaanza kuonekana, yamebebana kama kawaida yake. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye kioo, akavuta pumzi.

"Afadhali," alisema. "Tumefika kwetu."

Nikawasha redio, maana kule mlimani greda lilikuwa limeshapita juu ya nyumba yetu.