Dobi Aliyemwapia Malkia

Aliyetaka kujua siri za jumba la kifalme la Pamplona hakuwa na haja ya kuhangaika na makasisi wala mabwana wenye panga. Angeteremka tu mtoni Arga kwa Oria dobi. Huyo ndiye aliyefua nguo za ndani za Malkia, na tangu mfalme azikwe, nguo hizo ndizo zilizobeba ufalme mzima.

Maana Malkia alitangaza kwamba ana mimba ya marehemu. Kama anayo, mhuri unabaki mkononi mwake hadi ajifungue. Kama hana, shemeji yake Fortún anatwaa kiti, yeye anapelekwa utawani, na bintiye Toda, mtoto wa miaka minne, anabaki kwa ami yake aozwe atakavyo.

Na damu Oria alikuwa ameshaiona.

"Shoga, mbona leo umejitenga huko?" Sancha, dobi mwenzake, alimtania. "Au Malkia kakupa hariri?"

"Fua zako, Sancha. Mdomo huo ungekuwa sabuni, mji mzima ungetakata."

Jioni Malkia alishuka mwenyewe chumba cha kufulia. Hakuamrisha. "Mama Oria, theluji ikiyeyuka kaka yangu atavuka milima na askari. Nifichie mpaka hapo tu. Wasininyang'anye mwanangu."

Oria alikuwa amemzika mwanawe wa pekee kwa surua. Alikubali pale pale.

Fortún naye hakuwa mjinga. Alimwita Oria kanisani mbele ya mabwana, akamwekea mfupa wa mtakatifu. "Apa! Malkia kaona siku zake, hajaona?"

Mwanamke yule aliogopa moto wa milele kuliko kamba ya mnyongaji. Hata hivyo kiganja akakiweka juu ya mfupa. "Tangu msiba, bwana, sijaona hata tone."

Theluji ikayeyuka, askari wakaja, Fortún akatimua mbio. Ikasemwa mimba imeharibika, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Malkia akatawala, tena, tusimnyime sifa yake, alitawala vizuri.

Oria hakupokea komunyo tena. Angeungama kwa nani, na kila kasisi ana bwana wake? Jumapili alisimama nyuma kabisa ya kanisa, watu wakamwita mchawi. Aliona si kitu, maadamu Toda analala kwa mamake.

Toda alipotimiza miaka saba, utii wa ngome ya mpakani ukaanza kuyumba. Malkia akamwoza binti kwa mwenye ngome, mzee mwenye mvi aliyefiwa na mke. Oria alikuwa akianika mashuka uani walipompandisha mtoto nyumbu, naye analia, kang'ang'ania joho la mamake. Malkia akambandua vidole kimoja kimoja.

Oria alishindwa kujizuia. "Bibi, niliapa ili ukae na mwanao!"

"Uliapa ili nitawale, Mama Oria," Malkia alijibu, machozi yakimtiririka. "Na kutawala ndiko huku."

Nyumbu akatoka langoni. Oria akaona roho yake imekwenda bure, na hapakuwa na hata kasisi wa kumlilia.