Ukoo wa kijidudu cha TB ulivyomrudisha mke wangu Akheri

Wakuu, salaam zenu.

Hii si chai, haya yalinikuta mimi mwenyewe. Anayebisha aje kijijini kwetu Akheri nimwoneshe zizi.

Ni enzi zile soko huria limepamba moto. Nilikuwa nauza spea za magari mjini, Kaloleni, mtumba mtupu. Huko ndiko nilikompata mke wangu, Mchaga wa Machame, alikuwa amepanga chumba jirani na duka. Kabla hatujaoana aliugua TB, akameza dawa mpaka mwisho, akapona kabisa.

Nikamleta nyumbani Akheri, kwa mama yangu. Tukapata binti, Ndeshi.

Sasa mama na ng'ombe wake, Rosi... jamani! Nadhani hata marehemu baba hakupendwa hivyo. Kila asubuhi akimkamua, kikombe cha kwanza, bado kina povu na joto, ni cha Ndeshi. Mke wangu akitaka kuyachemsha maziwa hayo, mama anamcheka.

"Ukiyapika yamekufa hayo. Mjukuu wangu anywe maji meupe?"

Na mimi nilikulia hivyo hivyo, nikaona sawa tu.

Ndeshi alipokaribia umri wa chekechea akavimba matezi shingoni. Kukohoa hakohoi. Hospitali wakakata kinyama kidogo, wakapima, wakasema TB.

Aisee, nyumba iliwaka!

Mama alimgeukia mke wangu mbele ya wifi zake: "Umetuletea kifua chako cha Kaloleni. Rudi kwenu. Mtoto anabaki."

Nikajaribu kumtetea, nikaambiwa nimelishwa limbwata. Mke wangu akafunga nguo zake akaenda kwao Machame.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Nilipomfuata aliniambia, "Baba Ndeshi, kama ni mimi niliyemwambukiza, acha nikae mbali naye." Nilirudi huku nalia barabarani, mwanaume mzima na ndevu zangu.

Na mtoto dawa anameza, matezi hayapungui.

Kumbe daktari mmoja pale hospitali alikuwa kwenye utafiti, na sehemu ya kile kinyama aliituma maabara ya nje, maana kipimo hicho kwetu hakikuwepo. Majibu yaliporudi akatuita, mimi na mama.

"Shikamoo mama. Wewe ni wa ukoo gani?"

Mmeru kama mama ukimuuliza ukoo lazima akae vizuri kwenye kiti. Mama akataja wa kwao, akataja na alikoolewa.

"Basi hata vijidudu vya TB vina koo," daktari akasema. "Kwenye darubini vyote sura moja. Ila tukisoma vinasaba vyake, kila kimoja kinasema kinatoka wapi. Hiki cha mjukuu wako si cha ukoo unaozunguka kwa watu wanaokohoa. Ni cha ukoo wa ng'ombe. Mtoto hukipata kwenye maziwa mabichi. Na kuna dawa moja kati ya anazomeza haikiwezi, tunabadilisha leo."

Mama akasimama. "Rosi haumwi! Anakula, anang'aa! Ng'ombe ni wengi duniani."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Lakini asubuhi yake nilimkuta zizini na kile kikombe, Ndeshi kanyoosha mikono kukipokea. Mama alikitazama, akamtazama mtoto, akamwaga maziwa chini. Akaniambia nimwite bwana mifugo.

Rosi akapimwa, akakutwa ana TB. Akachinjwa, matezi yake yakatumwa kule kule.

Wakati tunasubiri nilikimbilia Machame kumwambia mke wangu hana kosa. Alilia sana, kisha akasema, "Aliyenifukuza ni mama. Atakayenirudisha ni yeye."

Majibu yakaja. Kijidudu cha Rosi na cha Ndeshi, vinasaba vile vile. Mama akauliza kitu kimoja tu: "Na mama Ndeshi je?"

"Hahusiki kabisa, mama," daktari akajibu.

Jumamosi iliyofuata nikamwona mama amevaa kitenge cha kanisani, mkono mmoja kamshika Ndeshi, mwingine kashika jani la isale. Kwa wasiojua, huku kwetu na kwa Wachaga, mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Lakini mama mkwe kumpelekea mkamwana! Sikuwahi kuona.

Tulipofika Machame Ndeshi alichomoka akamrukia mama yake. Mke wangu akampapasa shingo, matezi yameshuka, akabaki anampapasa tu. Mama akamnyooshea lile jani. Mke wangu akalipokea kwa mikono miwili.

"Mama, karibu ndani. Chai iko tayari."

Mama akakaa, akapewa kikombe, akakichungulia.

"Mama Ndeshi, maziwa yake yamechemka?"

Tulicheka mpaka mama akaanza kulia. Jioni tulirudi Akheri wote wanne.

Nilichojifunza wakuu: ugonjwa ukiingia nyumbani, usikimbilie kutafuta wa kumfukuza. Tafuta kwanza umetoka wapi, siku hizi vipimo vya vinasaba vinafanyika hata hapa hapa nchini.

Ndeshi sasa ana watoto wake. Bibi yao, mpaka anazeeka, sufuria ya maziwa haikutoka jikoni kwake bila kufurika mara mbili.

Wazee wa maziwa mabichi, najua mpo humu. Njooni mnitukane, ila chemsheni kwanza.