Vidonge Vyangu Havikuwa vya Aibu

Siku ile mume wangu alipomwaga vidonge vyangu chooni naikumbuka vizuri, mwanangu, na hadi leo ikinijia kichwani nakasirika.

Tulikuwa tukiishi Mfaranyaki, hapa Songea. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, maduka yaliota kama uyoga. Mtu aliyekuwa akiuza mitumba juzi, leo ana duka la dawa, na watu wanamwita dokta.

Nilikuwa nimejifungua Deo. Badala ya kufurahi nikawa silali, sili, mtoto akilia namtazama tu kama wa jirani. Nikaenda hospitali, na daktari mmoja, mama mpole, akanipa vidonge vya amitriptilini, dawa ya huzuni, na hakunificha kitu.

“Kwenye ubongo kuna kemikali zinazopeleka habari,” alisema. “Kwako zimelegea. Dawa hii inazisaidia zidumu kazini. Lakini karaha hutangulia, nafuu hufuata. Mdomo utakauka, utasinzia, ukiinuka ghafla utaona kizunguzungu. Vumilia wiki kadhaa, na usiache bila kuniona.”

Kweli karaha zikatangulia. Ulimi ulikauka, nikawa nasinzia hata nikimenya mihogo. Gaspar, mume wangu, akaenda kuuliza kwa mmoja wa hao madokta wa mitumba, mwenye duka mtaani kwetu, akarudi na chupa ya vitamini.

“Hizo ni dawa za vichaa,” akaniambia. “Zinalevya. Unataka watu wanicheke?” Akavimwaga vidonge vyangu vyote chooni.

Wamcheke yeye. Mimi nazama, mwenzangu anaogopa kuchekwa. Haukupita muda kichwa kikawa kinagonga, usingizi ukakimbia tena, na mawazo ya kujiua yakanijia. Nikamweleza mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka shamba kumwona mjukuu. Nilidhani atamtetea mwanawe, maana damu nzito kuliko maji. Yeye akamwita, akamketisha.

“Gaspar, ulipougua malaria ulimeza nini?”

“Klorokwini, mama.”

“Haikukuwasha?”

“Iliniwasha sana.”

“Nani aliitupa chooni?”

“Hakuna, mama.”

“Mwenzako anaumwa kama ulivyoumwa wewe. Simama, tumpeleke hospitali sasa hivi.”

Tukaenda, mama mkwe amembeba Deo mgongoni. Daktari akanianzisha upya kwa dozi ndogo. Nafuu ilikuja polepole: kwanza usingizi, kisha hamu ya ugali, na asubuhi moja Deo alipiga chafya nikajikuta nacheka. Gaspar alikuwa mlangoni. Alitoka nje kufuta machozi. Samahani hakuitamka, lakini tangu hapo dawa zangu alikuwa akienda kuzichukua yeye mwenyewe, mpaka daktari aliponipunguzia kidogo kidogo nikaacha. Yule wa duka aliendelea kuitwa dokta, na hakuna aliyemuuliza alisomea wapi.

Mwanangu, bado nasikia watu wakisema dawa hizi ni za wasio na imani. Ni uongo, na uongo huo umezika watu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Ukipewa dawa ya huzuni, au ile ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, uliza madhara yake bila haya. Ukiambiwa upimwe damu ili waone kama dawa haijazidi mwilini, kapime. Dawa ikikusumbua, mrudie aliyekupa, usiiache kwa maneno ya barazani. Na ukiwaza kujidhuru, sema siku hiyo hiyo, tena kwa mtu zaidi ya mmoja.

Mungu akujalie akili iliyotulia, na nyumbani akupe watu watakaokuamini unaposema unaumwa.