Aliyepewa Kopo la Mafuta

Mashine mpya ya kukereza vyuma ilipofika karakanani kwa baba, ilikuwa imepakwa grisi nzito ya rangi ya asali mwili mzima, ili isishike kutu melini. Baba alikataza mtu kuiwasha mpaka grisi yote itoke. Alilowesha kitambaa kwenye mafuta ya taa akaanza kuipangusa polepole, kuanzia kichwani kwenye gia, akashuka na zile reli ndefu mpaka mkiani. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nimesimama mlangoni na sare yangu. Niliwaza kwamba mimi baba hajawahi kunipangusa uso namna ile.

Sijui kama ni kawaida mtu kuonea wivu chuma. Ule wivu hata hivyo haukudumu, maana muda si mrefu nilipata binadamu wa kumwonea wivu.

Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha serikali mpaka walipoanza kupunguza watu. Alitoka na ujuzi wake na mashine moja kuukuu, iliyokuwa ikinywa mafuta na kuyatema sakafuni. Kisha biashara zikafunguliwa, sangara wakaanza kusafirishwa nje, na kila mwenye uwezo huku ziwani akataka injini kwenye boti yake. Shafti za injini zikawa zinapinda na kuvunjika, na wenyewe wakawa wanakuja kwetu. Ndiyo maana baba akaagiza mashine mpya kutoka India. Na kwa kuwa kazi zilimzidi, akamwita binti wa baba mdogo kutoka Magu aje kumsaidia.

Huyo dada alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Alikuwa na maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Tena alikuwa amerithi jina la bibi yetu, mama yake baba, kwa hiyo baba alikuwa akimwita "mama". Mezani nilikuwa nasikia, "Mama, samaki wamekutosha?" Mimi aliniita mwanafunzi, kama vile nimepanga chumba kwake.

Siku grisi ilipoisha, baba alimwita dada na kumkabidhi kopo la mafuta lenye mdomo mrefu mwembamba.

"Mama, shika hili. Huyu mpya si kama lile zee letu la kumwagia tu. Ana matundu madogo, na kila tundu lina kigololi. Unakisukuma na ncha ya kopo, unatia kidogo, unatoka. Kila asubuhi kabla hajaamka."

"Kama mtoto wa kunyonya," dada akasema.

"Ehe. Na asiponyonya, kilio chake kitasikika mpaka Buhongwa."

Wakacheka. Mimi nilikuwa palepale mlangoni, nikaingiza mguu mmoja ndani. Baba akaniona.

"Mwanafunzi, utachafua sare. Nenda kasome."

Nikaenda, nikafungua kitabu cha jiografia, nikasoma ukurasa mmoja mpaka giza likaingia bila kujua unasema nini. Asubuhi nikielekea shule nilikuwa napita ubavuni mwa karakana na kusikia kile kitako cha kopo kikibonyezwa, to, to, to. Usiku sisi wasichana wawili tulilala kitanda kimoja, na mikono ya dada ilinuka mafuta ya mashine. Nilimgeuzia mgongo. Lakini akishasinzia nilikuwa nageuka kuinusa ile harufu, maana ilikuwa nzuri, na haikuwa yangu.

Baada ya mashine kufanya kazi kwa muda, baba alisema mafuta ya kichwani lazima yamwagwe, kwa sababu gia zikiwa mpya husagana na kutoa unga wa chuma. Yalitoka yakimetameta. Siku hiyo alikuwa na safari ya Kigongo kupeleka shafti ya mtu, kwa hiyo alimwachia dada asafishe ndani na kujaza mapya. Aliporudi akainua kifuniko. Gia zilikuwa zinang'aa, hakuna doa.

"Mama, humu mtu anaweza kula ugali," alisema.

Dada alitabasamu siku nzima, hata alipokuwa akichota maji. Mimi niliuma shavu kwa ndani. Aliyafanya yote hayo kwa pamba aliyokuja nayo kutoka shambani kwao, nyeupe, laini. Hakuna aliyeshangaa. Mwanza nzima mafundi walipangusa mashine kwa pamba. Ndiyo iliyokuwa rahisi kupatikana kuliko vitambaa.

Jumamosi nilipeleka chai karakanani. Kichwani mwa ile mashine kulikuwa na kidirisha cha kioo ambamo mafuta huonekana yakitiririka ikiwa inazunguka. Nilikuwa na tabia ya kukiangalia, kwa kuwa kuangalia hakuna aliyenikataza. Baba alikuwa akinyoa shafti, mwenye boti amesimama pembeni, dada anazoa machicha ya chuma huku akimtania yule mteja kuhusu kofia yake. Kidirisha kilikuwa kikavu.

Moyo ulinipiga, na nisiseme uongo, ulinipiga kwa furaha.

"Baba, mafuta hayapandi."

Sauti ilitoka kubwa mpaka mwenye boti akageuka. Baba alizima mashine akaweka kiganja kwenye kichwa cha mashine, kikamchoma, akakiondoa haraka. Akafungua kifuniko na kutoa kichujio cha pampu inayopandisha mafuta. Kilikuwa kimezongwa na nyuzi nyeupe.

"Nani alipangusa humu kwa pamba?"

"Mimi, baba mkubwa," dada akasema. Hakuinamisha uso. Mimi nilishaweka sinia chini ili mikono iwe mitupu ya kupokea kopo.

Baba alikitazama kile kichujio, kisha akaanza kucheka kidogokidogo.

"Hata mimi ningepangusa hivyohivyo. Miaka yote kiwandani tulitumia pamba. Lile zee lingemeza hata godoro."

"Fundi, na mimi injini yangu naipangusa kwa pamba," mwenye boti akasema.

"Basi acha leo. Mama, kioshe hiki. Kuanzia sasa ni kitambaa kisichotoa nyuzi." Kisha akanigeukia. "Umeona vizuri. Chai iko wapi?"

Ikawa imeisha hivyo. Nilimmiminia chai, akanywa, nami nikabaki nimesimama na birika. Nafikiri nilichoka kubaki nimesimama.

"Baba, nataka kutia mafuta mimi."

"Wewe? Si kila ukiingia humu unaziba pua?"

"Sizibi pua. Naona aibu, wateja wananiangalia."

Alishusha kikombe akanitazama kama anayeona kidirisha ambacho hakujua kipo.

"Kopo nilishalitoa," akasema. "Liko kwa mwenzako. Kaongee naye."

Dada alikuwa nje amechuchumaa, anasuuza kichujio kwenye bakuli la mafuta ya taa. Alikuwa amesikia yote.

"Unalitaka kopo?"

"Ndiyo."

"Mimi mkubwa kwako. Tangu nimefika kwenu hujaniamkia hata siku moja. Unanipita kama nguzo ya umeme. Niamkie kwanza."

Ilikuwa kweli. Mwenye boti alijisogeza mlangoni asikose kusikia.

"Shikamoo, dada."

"Sijasikia, fundi wa macho."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo, mdogo wangu?" Hakuwa anatania tena. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akarudi na kopo. "Siku ambazo huendi shule, mkiani na kwenye reli ni kwako. Kichwa ni changu."

"Kwa nini kichwa?"

"Sasa najua kinavyoziba. Wewe hujui."

Jumamosi iliyofuata nililishika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na nilibonyeza sana mpaka mafuta yakachuruzika ubavuni mwa mashine. Dada akapita na kitambaa akayafuta bila kunitania, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenicheka. Kisha akarudi kichwani, ambako baba alikuwa akimwonyesha jinsi ya kukitoa na kukirudisha kichujio, wote wawili wameinama, vichwa vimekaribiana. Mkiani kuna matundu machache tu. Nilimaliza upesi kuliko nilivyotaka, nikachukua kitambaa na kuanza kupaka reli mafuta upya, kidogokidogo, nikielekea walipo.