Vitunguu Vilivyorudi na Sahani

Sikuwahi kumpenda mke wa shemeji yangu, na sitaanza leo kwa sababu nimezeeka. Aliolewa kijijini kwetu Kibabi baada yangu, wakati wa Wabelgiji, na haukupita muda kila mtu pale kilimani akawa na habari ya mbolea yake.

Mama mkwe alikuwa amefariki, kwa hiyo sisi wawili tulipokezana kumpikia papa mkwe. Kwa mzee huyo chakula hakikuwa chakula bila majani mabichi ya kitunguu ya kutafuna pamoja na viazi. Kisha akashikwa na tumbo, akaharisha damu mpaka watu wa kanisa wakaja kumwombea. Alipopona, muuguzi wa dispensari alitukemea. Samadi ya ng'ombe na mbuzi ikitiwa bustanini ingali mbichi, alisema, ina wadudu wasioonekana, mikrobe, nao hubaki kwenye mboga tunazokula bila kupika. Tuirundike kwanza ioze, ipate moto wa kuwaua.

Sote tulimsikia, lakini yule mwanamke alianza siku hiyohiyo, maana alikuwa na kiherehere cha kupendwa.

Tangu hapo kila sahani niliyompelekea mzee ilirudi viazi vimeliwa na vitunguu vyangu vimesukumwa pembeni. Mbolea ya mwenzangu ilipoiva naye akapanda, sahani zake zikaanza kurudi tupu. Hata mume wangu alinichoma: "Enda uguse mbolea yake! Ukiingiza kamuti katikati, kanatoka kanachoma!" Mume ambaye hajawahi kuusifu hata mchuzi wangu!

Nikaanza rundo langu. Likakaa baridi, likanuka hadi majirani wakalalamika, maana nilikuwa nimemwaga samadi tupu yenye maji. Kumuuliza yule? Afadhali nife. Nikawa napita nyuma ya bustani yake kama ninayekwenda kuteka maji, huku jicho liko kwake. Alichanganya samadi na nyasi kavu na maganda ya maharage, akafunika kwa majani ya migomba. Baada ya siku kadhaa aligeuza, ya nje akiyaingiza ndani, kwa kuwa nje hakupati moto wa kutosha. Nikafanya vivyo hivyo mpaka mgongo ukalia. Siku kijiti kilipotoka kikiniunguza vidole, nilicheka peke yangu. Niliendelea kugeuza, nikangoja rundo lipoe na kunukia udongo wa msituni, ndipo nikapanda.

Vitunguu vilipokomaa, nilimpelekea mzee kwa zamu yangu. Sahani ikarudi tupu. Mwenyewe akaniita uani kwake.

"Mama, vitunguu yako iko tamu. Pelekea na mwenzako aonje."

Jamani, nilitembea kwa maringo siku ile! Nilimkuta anachambua maharage. Akatafuna jani moja, uso ukamng'aa, akanishika mkono.

"Dada, nimefurahi sana. Papa alikuwa anaogopa bado. Mimi njo nilimuambia akule. Wakati ulikuwa ku soko, nilikuja kuangalia mbolea yako, nikaona imeiva muzuri."

Nikamwambia asante, kwa sababu mtu hawezi kusema kingine. Kumbe mzee alikuwa amekula vitunguu vyangu kwa ruhusa yake.