Upenyo wa Unywele

Ottó Csiba alichonga meno bandia pale Mosonmagyaróvár, mji wa Hungaria, kwa miaka thelathini na minne, na mimi nilikaa meza ya jirani yake kwa kumi na mmoja ya mwisho. Alikuwa fundi hodari, mdomo mkali. Daktari Réka, ambaye aliwahi kuwa mwanagenzi wake kabla ya kusomea udaktari, aliponunua kamera ya kupima mdomoni, Ottó aliikataa siku ileile.

"Hiyo kapigie picha za harusi," alisema.

Kila kipimo cha kamera alikirudisha. Hata jino moja tu, alitaka lipimwe upya kwa plasta laini inayoganda na kubaki na umbo la meno. Réka akapima upya, na kila mara kamera ikaonekana iko sahihi. Mwishowe akachoka.

"Mjomba Ottó, sasa huo ni wivu."

Karakana nzima tukaangua kicheko.

Ndipo akaja mwalimu Vilma, aliyemfundisha Ottó hesabu utotoni. Taya lake la juu halikuwa na jino hata moja. Alikuwa amewekewa vipandikizi sita, yaani mizizi ya chuma iliyopandwa mfupani, vya kushikilia daraja, safu moja ya meno bandia. Sasa, taya tupu si sawa na jino moja. Ufizi unateleza, hauna alama, kamera inaunga picha kwa picha, na kosa dogo la kila kiungo linajikusanya hadi upande wa pili. Ottó alilijua hilo, lakini kipimo hiki hakukirudisha. Daraja lilikaa vizuri kwenye kielelezo cha taya, lakini kielelezo chenyewe kilitokana na picha zilezile.

Siku ya kulifunga tuliitwa chumbani kwa Réka. Réka alikaza skrubu moja, ya mwisho kulia. Kushoto daraja likanyanyuka, upenyo wa unywele; daraja lililopimwa sawasawa halinyanyuki. Ottó aliinama akauona. Réka akakaza zilizobaki, upenyo ukazibika kwa nguvu ya skrubu, mkazo ukabakia mfupani.

"Limekaa, au vipi, mjomba?"

Nilimwona akivuta pumzi ya kusema. Kisha akasema, "Limekaa."

Mwaka wa tatu skrubu mbili zilikatika. Mfupa ulikuwa umeliwa. Vipandikizi vitatu vikang'olewa. Ottó akanichukua tukaenda kwa Vilma.

"Niliuona ule upenyo, mwalimu. Nikanyamaza."

"Wewe? Wewe niliyekuwa nikikutoa darasani kwa kelele?"

"Kelele nilizimaliza pasipo na haja. Siku ile niliogopa kuchekwa."

Vilma alijishika shavu. "Ungechekwa tu, Ottó. Kuchekwa hakuumi hivi."

Hakumfukuza. Wala hakumwambia si kitu.

Réka naye alimwomba Vilma radhi. Tangu hapo, kila taya tupu tunalihakiki kwa plasta inayounganisha vipandikizi vyote; ikipasuka, ni ishara kwamba kipimo kimekosea, na kazi inarudiwa. Ottó hakukaa kuyaona hayo, alistaafu kabla ya Krismasi. Vilma anavaa meno ya kuvua, na hukatiwa nyama ya bata vipande vidogo na bintiye. Amemwalika Ottó chakula cha Jumapili mara nyingi. Ottó hushukuru, hatokei.